Basi la Mlimani Siku ya Mkaguzi

Mama yangu mdogo ni dereva wa basi, na mtaani kwetu wanamwita Kamanda. Jina hilo hakupewa kwa ubabe. Akishika usukani haongei na mtu, hacheki na mtu, na hata mimi, mtoto wa dada yake wa damu, nikipanda bila nauli ananishusha. Ameshanishusha mara mbili. Mara ya pili mvua ilikuwa inanyesha na kituo kizima kilinicheka, halafu jioni yake akanipakulia chakula kana kwamba hakuna lililotokea.

Mtaa wetu umejengwa mlimani, nyumba juu ya nyumba, na katikati kuna ngazi za saruji ambazo ukizimaliza na ndoo kichwani unasahau ulikuwa unakwenda wapi. Barabara ipo, ila ina kona kali na mteremko ambao wenye magari ya biashara waliukimbia zamani. Walikuja wakapanda, wakaona mafuta yanayoungua ni mengi na nauli ni kiduchu, wakageuza. Biashara ni biashara, sikatai, lakini niliwachukia. Mtu akiugua, alishushwa akiwa amekalishwa kwenye kiti cha mezani, mwanaume mmoja kila pembe, na wote wanne wakibishana nani anatembea vibaya.

Baba mdogo, mume wa Kamanda, ni fundi redio. Kabla basi halijaja alianguka kutoka juu ya paa akifunga antena, uti wa mgongo ukaumia, na tangu hapo anatembelea kiti cha magurudumu. Kibanda chake cha kazi kiko chini, sokoni. Nyumba yake iko juu. Hesabu hiyo unaifanya mwenyewe. Alikaa miaka dirishani, chumba cha mbele, akiwatazama watu wakishuka asubuhi na kupanda jioni, na akiwasalimia wote. Kubebwa alikataa katakata, isipokuwa iwe hospitali au mazikoni. Alikuwa akisema hataki kuwa mzigo wa mtu, na hakuna kauli iliyomchoma mama mdogo moyo kama hiyo. Akiisikia anatoka anakwenda kufua, hata kama nguo zote ni safi.

Kisha likaja basi. Dogo, jeupe, lina mstari wa bluu ubavuni. Mimi ni mshonaji, mambo ya serikali siyajui, lakini hili nililiuliza kwa kila mtu mpaka nikalielewa, maana sikuliamini. Serikali kuu, kupitia wizara, ndiyo iliyonunua basi ikaikabidhi manispaa yetu. Na haikuishia hapo. Nauli ya mlimani haitoshi mafuta, matairi na mshahara wa dereva, na kila mwaka pengo hilo wizara inalijaza. Wanaita ruzuku. Kwa upande wake manispaa imefungwa na masharti: basi liondoke kwa saa yake hata likiwa na abiria mmoja, nauli isipandishwe kiholela, breki zikaguliwe, na mlangoni kuwe na ubao wa chuma unaojikunjua hadi chini, ili mwenye kiti cha magurudumu aingie bila kuguswa na mtu.

Hilo la ubao ndilo lililonimaliza. Ina maana kuna mtu ofisini, huko mbali, asiyeujua mlima wetu wala hajawahi kusikia habari za fundi redio aliyeanguka kutoka juu ya paa, lakini alikaa akawaza mtu wa namna hiyo atapandaje. Nilipolifikiria mara ya kwanza nilisimamisha cherehani, nikatazama nje ya duka langu muda mrefu. Mteja wangu alidhani uzi umekatika.

Kamanda aliomba kazi ya kuliendesha, akafanyiwa majaribio na wanaume kadhaa, akawashinda kwenye kona ya tangi la maji, kali kuliko zote, ambako mwenzao mmoja aliomba ashuke. Siku ya kwanza alisimama kituo cha katikati, mbele ya duka langu, akabonyeza kitufe, ubao ukajikunjua taratibu mpaka ukagusa lami. Baba mdogo alikuwa amevaa shati la pasi. Akakisukuma kiti chake mwenyewe, mkono kwa mkono, akapanda, akageuza kiti mahali pake, akafunga mkanda. Hakuna aliyemgusa. Mtu mmoja alianza kupiga makofi, Kamanda akamkata jicho kupitia kioo, makofi yakafia njiani.

Basi, mambo yakawa hivyo kila siku ya kazi. Sharti moja tu lilikuwa linamkosesha mama mdogo usingizi. Wizara haitoi ruzuku halafu ikasahau. Baada ya muda hutuma mkaguzi, anapanda kutwa nzima, anatazama hali ya basi, anatazama saa, na zaidi ya yote anahesabu watu wanaopanda kituo kwa kituo. Kuna miji mingine imepanga foleni inasubiri basi. Lisilopandwa hapa linahamishiwa kule. Kamanda aliniambia jambo hili mimi peke yangu, jikoni, akiwa amenipa mgongo.

"Watu si wanapanda, mama?" nikamwambia. "Asubuhi mpaka wanabanana."

"Wanapanda. Lakini siku ni moja tu, mwanangu. Ikinyesha? Wakiamka wavivu? Likiondoka hili, Fundi anarudi dirishani, na safari hii hatatoka tena."

Nilichukua sahani nikaanza kuikausha ingawa ilikuwa kavu.

Tangazo likaja: mkaguzi atafika. Ofisa usafiri wa manispaa alipanda mlima kwa miguu, sijui kwa nini siku hiyo alijionyesha hodari, akalisema akiwa anahema: "Mkaguzi wa wizara anakuja kukagua basi la mlimani." Hakusema zaidi, pumzi zilikuwa zimemwishia. Aliyelipokea tangazo ni mwenyekiti wetu wa mtaa, mwalimu mkuu mstaafu ambaye sisi tunamwita Itifaki, maana mtu huyu hawezi kufungua kikao bila kumtambua kila aliyekaa, pamoja na waliotuma udhuru.

Itifaki akaitisha mkutano. Kamanda hakuwepo. Alikuwa yadi ya manispaa, basi likipimwa breki, na Itifaki alisema ndiyo vizuri, tumfanyie zawadi ya kushtukiza. Akasimama, akajikohoza.

"Ndugu zangu, mgeni huyu ametoka serikali kuu. Je, tumkalishe katikati ya matenga ya nyanya? Tumkanyage viatu? Mtoto wa mtu amtapikie?"

"Hapana!" mkutano ukajibu.

"Basi siku hiyo basi lote ni la mgeni. Sisi tutasimama vituoni, tumevaa vizuri, tutampungia mkono. Wanaokwenda kazini washuke kwa ngazi mapema."

Na watu wakafurahi! Naapa walifurahi. Wazee walisema ndiyo heshima hiyo. Akina mama wauza mboga walisema watashuka na mizigo kwa miguu, siku moja tu, si kitu. Mimi nilipewa kazi ya kushona kitambaa cheupe cha kufunika kiti cha mgeni, chenye marinda pembeni. Halafu baba mdogo akanyoosha mkono kutoka kwenye kiti chake.

"Mimi sitafungua kazi siku hiyo," akasema. "Ule ubao unachukua muda kushuka na kupanda. Mgeni asije akaona basi linachelewa kwa ajili ya mtu mmoja."

Itifaki alimshukuru kwa uungwana wake, watu wakapiga makofi. Mambo ya kuhesabu watu nilikuwa nimeyasikia jikoni, lakini mbele ya mkutano ule uliojaa adabu hayakunijia hata chembe. Nilikuwa nawaza marinda.

Asubuhi ya siku yenyewe Kamanda alimpokea mkaguzi yadi. Alikuwa mwanamke wa makamo, viatu vya raba, koti la mvua mkononi, na kidude kidogo cha chuma cha kuhesabia, kile unachokibonyeza kwa kidole gumba kinalia tik. Alikagua matairi, akajaribu ubao wa mlangoni kwa kuukanyaga yeye mwenyewe, akakuta kile kitambaa cheupe, ambacho Itifaki alikipeleka yadi kitandikwe, kwenye kiti cha mbele, akakikalia bila kusema kitu. Halafu akasema sharti lake.

"Dada yangu, leo usimwite mtu, usimpigie mtu honi, usimwambie mtu apande. Kuna madereva wanajaza basi ndugu zao ili nihesabu. Endesha kama kila siku."

"Kama kila siku," Kamanda akajibu. Na akisema amesema.

Walipanda mpaka kituo cha juu, wakageuza. Huko Kamanda aliwakuta watu wamejipanga pembeni, wamechana nywele, viatu vinang'aa. Akafungua mlango. Watu wakapunga mikono. Akasubiri dakika zake, akafunga, akaondoka. Kituo cha pili hivyo hivyo, wengine mpaka wanainama kidogo. Mkaguzi alitazama nje, akatazama kidude chake, kidole gumba kikiwa kimetulia. Mama mdogo aliniambia baadaye kwamba alidhani watu wamemgomea. Alijiuliza amemkosea nani, amemshusha nani kwa nauli, na majibu yalikuwa mengi kiasi cha kumtisha.

Kituo cha tatu ni chetu. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa duka na wateja wangu, Itifaki yuko mbele na tai, na baba mdogo yuko ukingoni mwa lami na shati lake la pasi. Basi likaja, likasimama, mlango ukafunguka. Na ubao ukaanza kushuka. Kila siku Kamanda huushusha bila kuambiwa, na leo aliushusha vilevile. Ukagusa lami mbele ya magurudumu ya mumewe.

"Nenda tu, Kamanda," baba mdogo akamwambia, akitabasamu. "Leo ni siku ya mgeni."

Kamanda hakujibu. Alitazama mbele, mikono kwenye usukani. Ubao ukabaki chini.

Itifaki akasogea dirishani, akanong'ona kwa sauti ambayo wote tuliisikia: "Mama, usimcheleweshe mgeni wetu, tafadhali."

Nikamtazama vizuri mama yangu mdogo, nikaona machozi yanamshuka. Nimemwona kwenye misiba, nimemwona siku baba mdogo alipoletwa kutoka hospitali, na sikuwahi kumwona analia kwenye usukani. Hakuyafuta. Nadhani alihofia hata kufuta kungeonekana ni kumwita mtu.

Tabasamu la baba mdogo likafifia. "Kuna nini, mama?" akauliza taratibu, kwa sauti ya nyumbani.

"Mimi naendesha kama kila siku," akasema.

Ndiyo maneno pekee aliyoyatoa. Baba mdogo alimtazama, akamtazama mgeni kwenye kitambaa changu cheupe, akatazama viti vitupu nyuma yao, safu kwa safu. Watu hawa wawili wamelala chumba kimoja miaka mingi, na anajua tofauti ya kimya chake cha hasira na kimya chake cha hofu. Akaachia breki za kiti chake. Akashika magurudumu, akapanda.

Tik.

Kale kasauti kadogo kalisikika kituo kizima. Ndipo yale ya jikoni yaliponirudia yote kwa mpigo, nikapiga kelele mpaka koo likauma: "Jamani! Anahesabu watu! Pandeni, anahesabu watu!"

Mimi sikuwa dereva, sikukatazwa na mtu. Kituo kikafumuka. Walipanda wauza mboga, walipanda wateja wangu na nguo nusu zimeshonwa, alipanda Itifaki na tai yake, bila itifaki yoyote. Alipanda hata bibi wa nyumba ya tangi ambaye hajashuka mlima tangu mwaka jana. Mkaguzi alisimama mlangoni, akanyoosha mkono, tukanywea wote.

"Bibi, unakwenda wapi?"

"Popote, mwanangu."

"Basi shuka, upande siku ukiwa na safari."

Alituuliza mmoja mmoja. Nusu yetu tulishushwa, na Kamanda kwenye kioo nikamwona, pamoja na machozi yale, midomo imecheza kidogo. Waliobaki walikuwa na safari za kweli, na kwa hao tu kidude kililia. Itifaki, akiwa tayari ameshuka, alimweleza mkaguzi kisa chote, heshima, matenga ya nyanya, kila kitu, akamsihi avifute vile vituo viwili vya juu ahesabu upya.

"Siwezi, mzee wangu. Nimeona hakuna aliyepanda, nitaandika hakuna aliyepanda. Nitaandika na sababu. Lakini nikianza kufuta leo kwa ajili yenu, kesho nitafuta kwa ajili ya anayeniongopea, na basi lenu litakuwa limejengwa juu ya uongo wangu."

"Aandike," Kamanda akasema kutoka kwenye usukani. Ndipo nilipompenda yule mgeni, ingawa nilikuwa namwogopa.

Safari zilizofuata habari zilikuwa zimeshapanda mlima mzima, watu wakapanda kama kawaida yao, na matenga na vitoto vinavyolia. Hakuna aliyetapika. Jioni nilishuka sokoni kununua zipu, nikarudi na basi lile lile. Baba mdogo yuko mahali pake, mkaguzi bado yuko kitini, miguu imemvimba.

Baba mdogo alikuwa na swali. Nilimwona analitafuna tangu kituo cha sokoni. "Samahani, dada. Hiyo hela inayolipandisha basi hili, nani anaitoa? Nauliza jina la mtu nimshukuru."

Mkaguzi akacheka, lakini vizuri. "Hana jina moja, baba. Kwenye kila lita ya mafuta inayouzwa nchi hii kuna tozo ndogo ya usafiri. Inakwenda mfuko mmoja, na mfuko ndio unaolipa."

"Kila lita? Hata kule mpakani?"

"Hata kule."

"Hata mwenye trekta? Hata mwenye boti?"

"Hata wao."

Baba mdogo akageukia dirisha. Nilijua anachokiona, maana na mimi nilikiona. Watu wasiohesabika, wanaotia mafuta mahali ambapo hatutafika kamwe, wana vumbi, wana haraka, hakuna hata mmoja anayetufahamu, na wote wameshika basi letu wanalisukuma mlima.

"Wote hao," akasema polepole, "kunibeba mimi. Na mimi niliapa sitakuwa mzigo wa mtu."

Kamanda mbele yetu alikaza mikono kwenye usukani. Mkaguzi alisubiri tukate kona ya tangi.

"Hapo kazini kwako, umeme ukikatika unafanyaje?"

"Nina kajenereta kadogo."

"Unatia mafuta gani?"

"Petroli."

"Basi na wewe unalipa, baba. Kuna mlima mwingine, nimetoka huko wiki iliyopita. Kuna mwanamke kule ana mtoto wa kiti kama chako, anakwenda naye shule kwa basi. Hakujui. Mafuta yako yamo."

Ubao ulipomshusha, baba mdogo alikaa pale kwenye lami basi lilipoondoka, na watu walilazimika kumzunguka.

Jibu lilikuja baada ya wiki kadhaa. Ofisa usafiri safari hii alipanda kwa basi, akatangaza mlangoni akiwa na pumzi zake zote: basi linabaki, ruzuku inaendelea, na mwenyekiti wa mtaa anaombwa asipange tena mapokezi. Kamanda alisikiliza, akaangalia saa, akamwambia ofisa ama akae ama ashuke, muda umefika.

Siku hiyo umeme ulikatika sokoni. Nilikuwa kwa baba mdogo nikimpelekea habari, nikamkuta ameinamia jenereta lake na dumu la petroli, anamimina kwa uangalifu mkubwa, tone lisianguke. Nikamwambia basi linabaki. Akaitikia kwa kichwa, macho yamemjaa machozi, akaendelea kumimina. Alipomaliza kumimina alifunga kifuniko, akashika kamba ya kuwashia, na kabla hajaivuta akasema kwa sauti ya chini, kwa watu wa ule mlima mwingine, ambao hakuna aliyekuwa akiwaona pale kibandani:

"Haya, pandeni."